Uzinduzi wa Kihisi cha Mtoto Garini, Malaba

(Hotuba ya Mheshimiwa Methuselah Ojiambo, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Usalama wa Watoto Magarini Mpakani, aliyoitoa katika uwanja wa malori wa Malaba mwaka 1996, saa sita mchana, jua likiwa utosini.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe kwa kuwa aliyealikwa amepata udhuru. Waheshimiwa machifu na manaibu wao. Mkuu wa Uwanja wa Malori. Mabwana na mabibi wa clearing and forwarding. Wajumbe wa Matayos mliofika na wajumbe wa Bumala mlioko njiani. Viongozi wa dini mliotuombea kwa muda mrefu kuliko programu ilivyoruhusu. Kina mama wa kikundi cha densi, ambao sasa mnaweza kukaa. Madereva wa trela, mataniboi, vijana wa baiskeli za boda boda, wageni wetu kutoka ng'ambo Uganda, na wewe mwananchi mtukufu uliyekosa kiti: itifaki yote imezingatiwa. Nawasalimu kila mtu kwa lugha yake. Mulembe! (Mulembe!) Yoga! (Yoga noi!) Misawa! (Vigelegele.)

Nani hapa asiyejua jinsi mpaka wetu unavyofanya kazi? Gari likiingia kwenye foleni ya forodha, mwenyewe hushuka na makaratasi yake kwenda kutafuta muhuri, na kwa kuwa gari lisilo na mtu husukumwa hadi mwisho wa foleni, na kwa kuwa mtu mzima ana shughuli zake, basi tangu zamani mtu wa Malaba humwacha mtoto ndani ya gari ashike foleni. Mtoto akiwa kwenye kiti, hata kama anakojoa hapo hapo, gari lina mtu. Sheria hiyo haijaandikwa popote na inafuatwa kuliko zote zilizoandikwa. (Kicheko.) Wanangu wote wameshika foleni. Binti yangu Jacinter, anayeuza vitenge, alishika foleni utoto wake wote, na hivi ninavyosema yuko pale kwenye dirisha la forodha akingoja muhuri kama mwananchi wa kawaida, maana mimi sipendi upendeleo, na pia afisa wa leo ni mgeni. (Kicheko kirefu.)

Lakini mtoto husahaulika. Muhuri huchelewa, mzazi hukutana na jirani, jirani ana habari za msiba, msiba una historia yake, na huko nyuma gari linageuka tanuri. Hatujazika mtoto, namshukuru Mungu, lakini tumewamwagia maji wengi.

Ni katika muktadha huo, na ndani ya mfumo mzima wa integrated cross-border child safety, ambapo Kamati yangu, chini ya uongozi wangu, kufuatia wazo langu, na baada ya feasibility study iliyofanywa kwa kina katika hoteli tulivu ya Kisumu, imeleta Kihisi. (Makofi.) Kihisi ni mtambo mwerevu. Kinakaa chini ya kiti. Kikihisi kwamba mtoto yumo na mzazi hayumo, kinapiga kengele ambayo mzazi ataisikia hata akiwa ng'ambo kule Tororo anakunywa soda. (Sauti: "Soda gani hiyo, mzee?" Kicheko.) Soda, nimesema soda.

Takwimu ndizo hizi, na naomba waandishi wa habari waandike polepole. Utafiti umeonyesha kuwa asilimia mia moja ya watoto walioachwa garini walikuwa ndani ya magari. (Minong'ono.) Asilimia tisini na saba ya wazazi waliohojiwa walisema wanawapenda watoto wao, na asilimia tatu waliobaki walikuwa na haraka ya kwenda dirishani. Baada ya Kihisi, tunatarajia upendo kupanda hadi asilimia mia moja na nne, projected. (Makofi ya machifu.)

Sasa kuna wenye midomo mirefu wanaouliza kama Kihisi ni cha kutegemewa. Nitawajibu bila hasira, ingawa nina haki ya kukasirika. Katika majaribio ya Busia, Kihisi kililia kwa kuku. Kikalia kwa gunia la dagaa wa omena. Kikalia kwa katekista mmoja aliyekuwa amejilaza kiti cha nyuma, tena kikakataa kunyamaza mpaka alipotoa kitambulisho cha mtu mzima. Mradi mdogo ungekufa pale pale. Sisi tulikirekebisha, tukakirekebisha tena, na leo naweza kusema kwa fahari kwamba tangu marekebisho ya mwisho hakijalia hata mara moja. Kwa kuku hakilii, kwa omena hakilii, na kwa katekista ndiyo kabisa. Mtambo ambao haujawahi kudanganya, wananchi, mnauitaje kama si wa kutegemewa? (Mtu mmoja anapiga makofi na kuacha.)

Kwa kuwa wananchi wa hapa hamwamini mpaka mwone, nimeleta maonyesho. Tazameni pale kando, ile Peugeot nyeupe ya Kamati. Aliyeketi ndani ni mjukuu wangu Alaso, mtoto wa Jacinter, miaka minne. Jacinter alitaka kwenda naye dirishani akiwa amembeba mgongoni, nikamwambia, binti yangu, unanitia aibu, baba yako ndiye mwenye Kihisi. Basi akamwacha. Vioo tumevifunga vyote kwa sababu Kihisi hakipendi upepo, na lile sanduku jekundu kwenye dashibodi, tulilolitoa chini ya kiti ili mlione, ndicho chenyewe. Kitalia wakati wowote kuanzia sasa. (Watu wanageuka kutazama gari. Wanangoja.) Wakati wowote. Wakati tukingoja, nitaendelea na historia ya Kamati.

Kamati iliundwa kwa juhudi zangu. Ilianza na mwanachama mmoja, akaongezeka mhazini, akapunguka mhazini. (Kicheko.) Na leo, kila gari lililoingia foleni tangu asubuhi limepewa kibandiko cha kijani cha kubandika kwenye kioo, kisemacho GARI HILI LINALINDWA NA KIHISI, ili mzazi aende shughuli zake moyo ukiwa mweupe. (Makofi makubwa. Wengi wananyoosha vidole kuelekea foleni ya magari nyuma ya uwanja.) Hayo ndiyo maendeleo. Mtu anaweza kuja mkutanoni na...

(Sauti ya Mama Gaudencia, muuza samaki wa kukaanga, ambaye meza yake iko karibu na Peugeot: "Mzee! Hii mtoto inatoka jasho sana!")

Mama, maswali ni mwishoni mwa programu. Kama nilivyokuwa nikisema, implementation itafanyika kwa awamu. Awamu ya kwanza ni uhamasishaji, awamu ya pili ni uhamasishaji wa waliohamasishwa...

("Mzee, inagonga dirisha!")

Hagongi, mama, anapunga mkono. Huyo ni mtoto wa viongozi. Wananchi, mpungieni. (Watu wanapunga mikono kuelekea gari. Wachache wanaacha kupunga na kuanza kutembea.) Naomba tusitembee wakati wa hotuba. Kihisi kinafanya hesabu. Mtambo mwerevu haukurupuki, kwanza unapima, unalinganisha, unashauriana na...

(Gaudencia: "Boss, funguo iko wapi?")

Funguo ziko na dereva wangu, Egwang, ambaye amevuka ng'ambo mara moja kwa shughuli rasmi ya sukari. Atarudi. Mama, rudi kwa samaki wako. Chifu, hebu mwambie... Mama! Weka chini hilo jiwe! Hilo ni jiwe la kuzuia tairi la trela, na hilo ni gari la serikali! Mama Gaudencia, nakuamuru kwa mamlaka... (Kioo kinavunjika.)

Mmeona? Mmeona wenyewe? Mali ya umma! Askari, mkamateni mama huyo kabla... (Gaudencia anamtoa mtoto dirishani. Nguo ya mtoto imeloa chapachapa. Kichwa kimelala begani kwake.)

Alaso?

Alaso, babu huyu hapa. Mbona hainui kichwa? Mpeni maji. Si soda, wewe, nimesema maji! Mpepee, mama, mpepee na hiyo kanga. (Mtoto analia kwa sauti kubwa. Umati unashusha pumzi.) Analia. Asante Mungu, analia. Alie tu, alie mpaka wamsikie Kampala.

Naomba mnisamehe, nakaa kidogo. Niliogopa, wananchi. Sijawahi kuogopa hivyo nikiwa nimevaa tai.

Sasa, kuhusu tukio hili dogo, nafurahi kuliarifu baraza kwamba mfumo umefanya kazi kama ulivyopangwa, yaani mtoto alikuwa garini, babu akaarifiwa, na...

(Gaudencia: "Uliarifiwa na nani? Si ni mimi? Hiyo sanduku yako imekaa tu kama mgeni!" Kicheko kisicho na furaha. Jacinter anafika mbio kutoka dirishani, karatasi mkononi, anamnyakua mtoto. "Baba! Kengele ililia?")

Jacinter, binti yangu, kuhusu suala la kulia, Kamati itakaa na kutoa taarifa ya...

("Baba, nakuuliza. Ililia ama haikulia? Uliniambia niende tu, kengele iko.")

Haikulia.

(Jacinter anamtazama tu.)

Usinitazame hivyo mbele ya machifu. Wananchi, nina ukurasa mmoja umebaki, wa shukrani, na nitausoma, maana nikiacha kusoma sijui nitasema nini. Ninawashukuru kwa dhati wafadhili wetu, ambao tutawatafuta. Ninamshukuru mhandisi aliyebuni Kihisi, ambaye nafasi yake itatangazwa. Ninakishukuru kiwanda kinachokitengeneza, ambacho kitajengwa Matayos kiwanja kikipatikana. Ninawashukuru wataalamu wa majaribio ya Busia, yaani mimi na mpiga chapa wa vibandiko, tuliojaribu kwa mdomo, tukinywa chai. Kuku nilimtunga mimi, katekista alimtunga yeye. Ninamshukuru fundi Emukule kwa kulipaka rangi nyekundu kopo la majani ya chai. (Kelele. "Kopo?" "Ati kopo ya majani!") Ndiyo, kopo. Mtambo wenyewe sijawahi kuuona, na sijawahi kukutana na mtu aliyeuona. Nilidhani tukishazindua, vitu vingine vitafuata. Ndivyo tunavyofanya siku zote, na siku zote aliyekuwa ndani hakuwa Alaso.

Kihisi oyee! (Machifu wanatazama chini.) Usalama wa mtoto juu! Imeandikwa hapa, lazima niseme.

Mwisho, ninawashukuru ninyi wazazi, mliokubali kubandika vibandiko vyetu asubuhi ya leo, mkafunga vioo, mkaja kunisikiliza mkiwa na imani ya...

Ngojeni.

Walio na kibandiko, hebu inueni mikono. (Mikono inainuka, mingi, kutoka mbele hadi nyuma ya uwanja.) Na watoto mmewaacha wapi?

(Mikono inashuka mmoja mmoja.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Msipige makofi. Kimbieni! (Viti vinaanguka. Umati wote unakimbilia foleni ya magari, na Mwenyekiti anaruka kutoka jukwaani kuwafuata.)