Tumbo, Koti na Shemeki Kamate

Jumatatu, 7 Juni 2010

Koti la arusi yangu limekataa kufunga. Kati ya kifungo na tundu lake kuna nafasi ya vidole viwili. Kavira, mke wangu, akasema kwa upole kwamba lisipofunga Jumamosi, siku ya arusi ya Plamedie, bibi arusi ataingizwa kanisani na mjomba wake. Binti yangu wa pekee!

Mjomba huyo ni shemeki wangu Kamate, mdogo wake Kavira, fundi wa kushona kutoka Butembo. Mwembamba. Amefika jana na mfuko mdogo na macho makubwa. Najua alichofuata.

Mpango: mazoezi ya tumbo kila asubuhi, Kavira anapoweka maji ya chai motoni, ili nisisahau. Unalala kifudifudi, unajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, unahesabu hadi sitini. Nimefika kumi na moja. Kwenye kalenda nimeandika ishirini, nisijikatishe tamaa.

Jumanne, 8 Juni

Kumi na nne. Mchana Kamate akanikatia bugali kubwa kuliko ya wote, ati baba wa bibi arusi lazima ashibe. Nikaila yote, asijue kwamba nimemgundua.

Saa tisa nikamkuta chumbani, koti langu mapajani. Akaruka, akasema alikuwa anatoa vumbi. Vumbi gani, na uzi mdomoni? Bila shaka anataka kulipunguza limtoshe yeye.

Jumatano, 9 Juni

Kavira alikwenda sokoni mapema. Hakuna maji motoni, hakuna mazoezi. Nikauliza nani alimtuma. Kamate, alitaka sombe, majani ya muhogo. Haya basi.

Kesho nitachemsha maji mwenyewe, na mlango wa sebule nitauacha wazi kidogo, nimwone anayenichungulia.

Alhamisi, 10 Juni

Nilikuwa nimefika arobaini na mbili, za kweli. Jasho, mikono inatetemeka, jicho mlangoni. Jirani yetu, mama Joséphine, akaingia na kipande cha bati kuomba makaa ya moto. Sikutaka Kamate asikie. Nikaweka kidole mdomoni, nikamwashiria ashuke chini. Akalala palepale. Akanong'ona kuuliza waliko: "Beko wapi, papa Plamedie?" Nikaonyesha uani, alikokuwa Kamate. Akatoka akitambaa. Mwanamke mwenye adabu, nikawaza.

Sijafika hamsini, avenyi nzima, mtaa wetu wote, ikaanza kukimbia. Maduka yakafungwa, watoto wakavutwa kutoka shuleni, magodoro yakapanda vichwani. Mtu akapiga kelele kwamba wameingia. Sikuuliza akina nani. Hapa Bunia huulizi. Tuliuliza mara moja, miaka ile ya vita, tukachelewa. Nikabeba godoro, nikamshika Kavira mkono. Kamate alimshika Plamedie, na koti langu kwapani. Hata saa hiyo!

Kwenye uwanja wa parokia kukawa kimya. Hakuna hata risasi moja. Shefu wa avenyi akauliza nani aliona. Huyu alisikia kwa yule, yule kwa mwingine, mpaka kwa mama Joséphine, naye akaninyooshea kidole: "Ni weye! Ulikuwa mulala chini, unatetemeka!"

Nikaeleza habari ya tumbo. Hakuna aliyeamini. Mtu anayekula vizuri atafute kukonda kwa nini? Shefu akatoa amri: marufuku mtu mzima kulala sakafuni mchana katika avenyi yake. Nilitaka kucheka, kisha nikamwona mama Joséphine. Bado alikuwa ameshika kile kipande cha bati, kitupu. Nikamtandikia godoro akae.

Ijumaa, 11 Juni

Hakuna mazoezi, kwa amri ya serikali. Nimeandika sitini.

Jumamosi, 12 Juni

Koti limefunga! Kwa siku chache tu! Kavira akamtazama Kamate, Kamate akatazama dari. Wivu.

Mlangoni mwa kanisa Plamedie akanishika mkono, akaniomba nisitembee mbio. Nikatembea polepole. Nililia. Naandika wazi, nililia mpaka benchi la mbele.

Karamuni nikagundua jambo. Kifungo kimesogezwa vidole viwili, kwa uzi mpya. Ndiyo kazi ya Jumanne! Alikisogeza mpaka ukingoni ili kikatike mbele ya watu, nipate aibu. Hakikukatika. Tumbo lilikuwa limeshapungua.

Jumapili, 13 Juni

Kamate amerudi Butembo. Ameniachia shati alilonishonea kwa siri. Lina nafasi kubwa kiunoni. Matusi hayo.

Mazoea yameshika, siwezi kuyaacha sasa. Lakini sakafu ni marufuku, kwa hiyo nimepata njia isiyoweza kumshtua mtu. Kuanzia kesho, kukipambazuka, nitakimbia kutoka kwangu hadi parokia, mbio kali, bila kumwambia yeyote. Nitabeba na godoro kichwani. Alhamisi lilinikaza tumbo kuliko mazoezi yote.