Ombi la Kulistaafisha Gari la Michezo la Ikuti

Kijijini Ikuti,
kwa mkono wa mwalimu,
3 Aprili 1995

Kwa Ndugu Afisa Michezo,
Tukuyu Mjini.

YAH: KUSTAAFISHWA KWA GARI LA MICHEZO

Ndugu Afisa,

Pokea salamu kutoka upande wa mvua. Mimi ni mama wa mtoto mmoja na nusu. Huyo nusu anategemewa kabla mwezi huu haujaisha. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya lisogeze tu, uendelee kusoma.

Mume wangu Lugano ana gari, na gari hilo ni la michezo. Si mimi niliyesema. Mwenyewe wa kwanza, mtaalamu wa chai aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, alisema kwa kinywa chake, "Hii gari ya michezo, inakimbia sana." Lugano alikuwa amekwenda kutafuta pikapu. Aliposikia linakimbia sana, kamba ya ng'ombe ilikuwa imeshamtoka mkononi. Maana tulibadilishana kwa ng'ombe, jike, jina lake Sekela, ambaye baba mkwe alitupa tulipooana. Sekela alitoa maziwa asubuhi na jioni. Gari nalo linatoa oili asubuhi na jioni, sisemi halitoi kitu.

Usimlaumu Lugano haraka. Mtoto wetu Jairo alizaliwa njiani, ndani ya lori la majani mabichi ya chai, tukiwahi hospitali ya Makandana, na mpaka leo watoto wenzake wanamwita Majani. Siku ile Lugano aliniapia kwamba wa pili hatazaliwa juu ya chai ya mtu. Ndiyo maana ya gari. Na ndiyo maana ya barua hii, kwa sababu siku zimekaribia na gari bado liko michezoni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Viti ni viwili. Akikaa Lugano na nikakaa mimi, Jairo anakaa juu ya nusu mwenzake, nao wameanza kugombana kabla hawajaonana.

2. Linakaa chini mno. Gari la watu unalipanda, hili unalishukia. Kutoka natolewa kama gunia la viazi, Lugano mabegani, jirani yangu Tupokigwe miguuni. Tupokigwe anasema mtu akiwa ndani anaonekana kichwa tu, kama kuku anayeatamia. Nyasi za katikati ya barabara linazifyeka lenyewe, na mwenye ng'ombe mmoja ametuomba tupite hapo kila wiki.

3. Halina paa. Lilikuwa na turubai, panya wakalipunguza. Sasa sijui wewe ni mtu wa wapi, Ndugu Afisa, lakini kwetu Wanyakyusa mkamwana hatazamani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akitokea huku, wewe unapita kule. Baba mkwe alisema gari hili hatalipanda kamwe. Sasa analipanda kila siku ya soko, anasema yeye hapandi gari, anampanda ng'ombe wake. Kwa kuwa halina paa, anaonekana kutoka kona ya kwanza hadi ya mwisho, kofia na yote. Juzi nimeingia migombani mara tatu kabla ya mchana, na tumbo hili, na beseni la nguo kichwani. Magari ya watu wengine yanaficha baba wakwe.

4. Lina kabureta mbili na hazisikilizani. Fundi wetu, Ackson wa Ibighi, anasema ni kama wake wenza, hujui yupi amekula zaidi mpaka utege sikio. Na sikio hulitega kwa mrija. Siku ya kwanza hakuwa na mrija, Lugano akamletea wa baba mkwe wa kunywea kimpumu. Fundi akachomeka ncha moja kwenye kabureta, nyingine sikioni, akafumba macho kama anasali. "Huyu anavuta," akasema, "huyu anapumua tu." Mrija ukarudishwa mahali pake. Baba mkwe aliunywea pombe siku hiyohiyo, na tangu hapo anasema kimpumu ya mke wake imebadilika. Mama mkwe hasemi naye. Nyumba nzima imenuna kwa ajili ya kabureta.

5. Matengenezo yanahamia ndani. Tangi lilipotoboka, Lugano aliziba tundu kwa sabuni yangu ya mche ya kufulia nepi. Rimu zake ni za spoki kama baiskeli, naye huzisugua spoki mojamoja kwa mswaki, na mswaki ni wangu. Viti amevijaza majani makavu ya mgomba upya, kazi nzuri kweli, ila kuku wetu mmoja amekubaliana naye akaanza kutaga humo. Jairo amejua kusema "spana" kabla hajajua kusema "mama."

6. Nililoandika hapa nimelifuta, Lugano alikuwa anapita.

7. Watoto wa shule wakisikia ni gari la michezo, wanakuja kucheza. Mwalimu aliwauliza mbona mnachelewa, wakasema tulikuwa kipindi cha michezo. Mwalimu akawaandika wamehudhuria.

Sasa nakuja kwenye ombi. Nimewaza sana ni ofisi gani inahusika, nikaona ni yako, kwa sababu gari la shule ni la shule, gari la hospitali ni la hospitali, na la michezo haliwezi kuwa la kilimo. Timu ya hapa Ikuti, ikienda kucheza, inapewa jezi, machungwa ya mapumziko na mpira. Huyu mwanamichezo wetu hajawahi kupewa hata chungwa. Rangi yake, ambayo ndiyo jezi, imebanduka mpaka Lugano ameiziba kwa rangi ya milango. Na kwa upande wa mipira, timu nzima yenye watu kumi na mmoja inatosheka na mmoja. Huyu mmoja anahitaji minne, na wa nyuma kushoto umeshonwa kwa waya.

Lakini sikuandika ili kuomba mipira. Niliangalia kadi yake nikakuta amezaliwa mwaka 1963. Nimejumlisha kwa kidole, nikamwomba na mwalimu ajumlishe: ana miaka thelathini na miwili. Niambie, Ndugu Afisa, ni mchezaji gani wa miaka thelathini na miwili, anayekohoa, anayevuja, asiyeamka asubuhi bila kusukumwa, ambaye bado anaitwa uwanjani? Hata kaka yangu Ambindwile, aliyekuwa winga mzuri sana, aliacha akiwa na ishirini na sita, na magoti yake yalikuwa bado hayavuji.

Kwa hiyo naomba barua yenye mhuri inayosema gari hili limestaafu michezo na tangu sasa ni gari la kawaida. Nimeshamwambia Lugano tulikate nyuma, tutoe hilo buti linaloingia kuku wawili, tuweke kitanda cha mbao, mimi nilale kama mtu hadi Makandana, na baadaye tubebe ndizi. Akasema, "Mama Jairo, gari la michezo halitobolewi ovyo. Mpaka wenye michezo waseme." Alikuwa anacheka alipolisema. Lakini neno likishatoka limetoka, nami nakuomba useme.

Usidhani simpendi mume wangu. Akiwa chini ya gari miguu tu nje, huwa naiangalia hiyo miguu nasema, huyu amelala kwenye tope kwa ajili yangu. Na jioni moja kabureta zilisikilizana, akanizungusha hadi mashamba ya chai na kurudi, upepo unaondoa kilemba, tukacheka mpaka nusu akapiga teke. Siku hiyo haimo katika malalamiko. Lakini teke si leba, Ndugu Afisa, na kutoka hapa hadi hospitali ni mbali, na mimi naogopa.

Nisalimie mama watoto na wote waliomo ofisini, anayepiga filimbi na anayetunza filimbi, na wachezaji wote, hasa waliokaa benchi, maana najua wanavyojisikia.

Ni mimi,
Felista, mama Jairo.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa sijaipeleka kwa mwalimu. Sasa naimalizia hapa Makandana, nimekaa kitandani, na mkono mmoja una kazi nyingine.

Uchungu ulinishika Alhamisi wakati wa chai ya asubuhi, mvua ikimwagika. Mama mkwe na shangazi wawili wakaja mbio na mabeseni waende nami. Viti viwili, wakabaki. Gari likakataa kuamka. Watoto wa shule wakaja kucheza, wakasukuma, likakataa tena. Ndipo nikasikia miguu mizito nyuma na sauti ya mtu mzima ikisema kwa upande, kama anaongea na migomba, "Mkamwana asigeuke." Sikugeuka. Yeye nyuma, mimi mbele, mila haikuvunjika, na gari likawaka.

Chini kidogo ya kijiji mti ulikuwa umeanguka ukalala juu ya kingo mbili za barabara. Lori la chai limesimama, watu wamekunja mikono. Dereva akatuambia, "Hapa hapiti hata mbwa." Lugano akaniambia, "Inama, mama." Nikainama. Tukapita chini ya mti, Ndugu Afisa. Paa lingekuwepo, tungekuwa bado pale. Kabureta zilisikilizana mpaka getini, na muuguzi aliponitoa humo alisema hajawahi kumpokea mgonjwa kutoka chini kwenda juu.

Kwa hiyo ile barua ya kustaafu usiandike. Kama uliiandika kabla ya kufika nyongeza hii, weka jina la lile lori la chai.

Ni msichana, mzima, mwenye sauti. Baba mkwe alitembea hadi hapa kwa miguu. Haingii, kwa kuwa mimi nimo, amesimama nje ya dirisha kanipa mgongo. Aliuliza jina. Lugano akamwambia, Sekela, jina la ng'ombe wake yule. Mzee, kofia inachuruzika maji, akaiambia ile mvua, "Kumbe hatukumtoa."