Jabali la Mwenyekiti

Ko! Ko! Ko!

Ilikuwa nyundo ya Mwenyekiti, na ilisikika hadi kwenye ngazi kabla hatujaingia ukumbini. Tulipokaa, akatangaza: kuanzia leo Nyika Kuu, isiyo na mkazi hata mmoja, haitaishi tena katika aibu ya kukosa majina.

Mimi, katibu wa kamati, nikatandaza ramani. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika huko, jambo lililotuepusha na upendeleo. Utaratibu ulikuwa wa haki: kila mahali papewe jina la mtu, mlima mkubwa kwa mkubwa, kichuguu kwa mdogo. Mwenyekiti akapata jabali refu kuliko yote. Mimi nikapata bonde.

"Na mama mkwe wako, mheshimiwa?" nikauliza. Mkewe alikuwa kwenye simu, akisubiri jibu.

"Yule anayeniita domo tupu? Mpe hili doa. Tope tu hilo."

Nikaandika: Tope la Mama Mkwe. Kisha akapitisha kanuni aliyoitunga mwenyewe, kwamba mwenye jina ndiye mwenye amri yote mahali pake. Ko!

Mkuu wa nchi aliisoma kanuni, akapendezwa mno. Amri haikai mbali na ardhi yake, akasema. Wenye majina wote wahamie. Kwa bahati mbaya, wino ulikuwa umemwagikia bonde langu, halisomeki tena.

Nikamsindikiza Mwenyekiti kwenye jabali lake. Lilikuwa refu kweli, na kavu kama ukuni. Kufika mchana, midomo imempasuka, tukalifuata lile doa la ramani. Halikuwa tope. Ilikuwa chemchemi, ya pekee katika Nyika nzima, na kando yake mama mkwe ameketi juu ya kigoda, kikombe mkononi.

"Karibu, baba. Umepotea?"

"Naomba maji, mama."

"Maji kwenye tope? Katibu, hebu nisomee ile kanuni."

Nikasoma. Kwa kweli imeandikwa vizuri.

"Basi mwenye amri ni mimi," akasema, akikigonga kikombe kwenye jiwe. Ko. "Na lile jiwe lako linaitwaje vile?"

Mwenyekiti akalitazama jabali, akaitazama chemchemi. Akavua kofia.

"Mama, nakuahidi mbele ya katibu. Kesho asubuhi napanda mwenyewe kubandika kibao kipya: Jabali la Domo Tupu."