Hakuna Rivolva Darasani Kwangu

Jumamosi, 14 Oktoba
Nimebandika tangazo langoni: darasa langu la shabaha ni la bastola za magazini tu, zile zenye kasha la risasi la kuchomoa. Wenye rivolva, zile za silinda inayozunguka, watafute pa kwenda. Nimewachoka. Wenzao wanabadilisha magazini chapuchapu, wao bado wanachomeka risasi mojamoja kama wanapanda maharage, darasa zima limesimama.

Wa kwanza kufika? Dada Nadine, na rivolva ya marehemu shemeji Merle. Anaishi peke yake shambani, na wiki jana mtu kajaribu kuufungua mlango wake wa jikoni. Nikamwambia sheria ni sheria, anunue bastola ya kisasa. Akasema vidole vyake vina baridi yabisi, hizo hawezi kuzikoki, kile chuma cha juu hakivutiki kwake, na mimi najua fika. Kweli najua. Lakini wanafunzi walikuwa wananitazama, nikaona haya kurudi nyuma. Akaondoka bila kuniaga. Dada aliyenilea tangu mama alipofariki.

Jumapili, 15
Kila Jumapili tukitoka kanisani nakula kwa Nadine. Leo mlango umefungwa. Nimekula mkate na siagi ya karanga garini. Jirani yake kaniambia amejiandikisha kwa Twila Hargis, mwalimu wa ng'ambo ya mto, anayepokea kila mtu na kila silaha. Roho imeniuma kweli.

Jumatano, 18
Nimepata mpango! Naazima rivolva, naingia darasa la Twila kama mwanafunzi, nachomeka risasi polepole mpaka watu wapandwe na hasira. Darasa likivurugika, Nadine atarudi kwangu mwenyewe.

Jumamosi, 21
Twila kawapanga wenye rivolva upande wao, mazoezi ya risasi tano tano, hakuna anayemsubiri mwenzake. Jambo rahisi namna hiyo, na mimi sijawahi kulifikiria.

Alipoeleza namna ya kushika, nilikuwa napiga miayo. Mimi ni mwalimu bwana. Nikashika nilivyozoea, gumba limenyooka mbele. Kwenye bastola ya magazini haina neno. Kwenye rivolva moto unachomoka ubavuni, mbele ya silinda. Risasi ya kwanza tu, gumba likaungua. Nilipiga ukunga mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia.

Aliyeleta maji ni Nadine. Akanifunga kidole taratibu, akasema hata Merle hakuwa mjinga kiasi hiki, na Merle aliwahi kulipiga friji risasi akidhani ni mwizi. Watu wakacheka. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, yule mtu angeingia jikoni, ningejisikiaje. Nikaingia garini. Nimelia njia nzima.

Jumapili, 22
Nimebandua tangazo. Nimeenda kwa Nadine, nikamwomba radhi, nikamwambia rivolva zote karibu. Akanikaribisha. Kuku wa kukaanga, pai ya boga. Akasema haya mdogo wangu, Jumamosi nakuja kwako.

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikamtolea zawadi: bastola mpya ya magazini, nyepesi. Nikamshauri ile ya Merle aiweke kabatini iwe kumbukumbu. Akajaribu kuikoki mara mbili, akashindwa. Akairudisha mezani, akaniondolea sahani sijamaliza pai, akanifungulia mlango.

Nimekaa garini nasikitika. Nimemuumiza tena dada yangu, na sina mwingine. Nimewaza sana nilikosea wapi. Ni rangi. Nyeusi inatisha. Kesho nampelekea ya pinki.