Gitaa la Baba Mkwe

Jumamosi, 1 Machi

Nimenunua gitaa. Bovu. Bovu kwelikweli! Shingo imepasuka karibu na funguo za kukazia nyuzi. Daraja la nyuzi limeng'oka upande mmoja. Juu ya ubao wa mbele kuna doa jeusi la kuungua, nyuma pana, mbele limechongoka. Muuza mitumba anasema lilikaa miaka na miaka kwenye stoo ya bendi iliyokufa. Kanipa kwa bei ya kutupa. Nimelikumbatia nikaondoka haraka kabla hajanigeuka.

Niandike sababu, maana mke wangu ameuliza mara tatu na mara tatu nimemjibu ataona. Baba yake anatimiza miaka sabini Jumapili ya tarehe tisa. Baba mkwe huyo hajanisemesha kwa miaka tisa. Tukiwa meza moja anamwambia binti yake, mwambie huyo asogeze chumvi. Huyo ni mimi. Na yote ni kwa sababu ya suti! Siku ya harusi nilimwambia nimeishonesha mwenyewe, na kabla keki haijakatwa mwenye suti akaja kuidai. Mbele ya wageni. Mzee akasema yeye na mtu mwongo hawana la kuzungumza. Ametimiza ahadi yake barabara.

Sasa, sebuleni kwake kuna picha ya ujana wake, amekumbatia gitaa. Gitaa lenyewe lilipotea bendi ilipovunjika, na kila akiitazama picha ile sauti inamshuka. Mpango ni huu: nilitengeneze hili bovu lifanane na lile la pichani, nimpelekee, nimwambie nimelisaka miaka mitatu hadi nimelipata. Atalia. Ataniita mwanangu. Nimechoka kuitwa huyo.

Jumapili, 2 Machi

Tumekwenda kumsalimu Mzee. Nimesubiri watoke kwenda uani, nikaipiga ile picha kwa simu. Nilipogeuka, Injinia amesimama mlangoni ananitazama.

Injinia ni mwanyumba wangu, kamwoa mdogo wake mke wangu. Uinjinia wake wote ni kutengeneza friji. Lakini Mzee akimwona uso unafunguka, anamwita mwanangu, anamuuliza habari za kazi, anamwekea kiti. Kaniuliza napiga picha ya nini. Nimesema najaribu kamera. Akasema Jumapili ijayo yeye anamletea Mzee kiti cha kulalia, kile cha kuinua miguu. Kiti! Mtu atalia kwa sababu ya kiti?

Jumatatu, 3 Machi

Nimeaga kazini kwamba jino linauma. Mkuu wa masjala kaniuliza jino gani. Nimeonyesha la kushoto. Nisisahau: kushoto.

Kazi imeanza. Gundi ya mbao kwenye ufa wa shingo, kisha nimeufunga kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, nimezungusha hadi vidole vimekufa ganzi. Nimeingiza mkono ndani ya tundu nikakuta kitu kigumu. Nimemulika kwa tochi: kipande cha rula ya shule! Kuna mtu alikigandisha kuziba ufa kwa ndani. Namba zinaonekana, saba, nane, tisa. Fundi gani huyu jamani? Nimecheka peke yangu. Nimejaribu kukibandua, kimegoma. Basi, kikae, nani ataingiza mkono humo.

Daraja linahitaji kubanwa na sina cha kubania. Nimemwomba Injinia aniazime vibanio viwili, nikamwambia mlango wa chumba umelegea. Akasema vibanio havisaidii mlango, atapita mwenyewe auone. Alhamisi. Nimekataa. Akasema si taabu, akanipa na vibanio; daraja nimelibana.

Jumanne, 4 Machi

Doa la kuungua. Nimeikuza picha kwenye simu hadi macho yakauma: gitaa la Mzee halina doa la kuungua. Basi litoke.

Mke wangu kapita na ndoo, kasimama, kalitazama. Akasema hilo ni alama ya pasi, tena pasi ya mkaa, si unaona ncha yake. Akasema niliache, linapendeza, linaonyesha gitaa lilikaa kwenye nyumba ya watu. Nimemwambia haya mambo ya kitaalamu hayajui. Kaondoka na ndoo yake.

Nimepiga msasa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Moto ulikuwa umezama kwenye mbao kuliko nilivyodhani. Msasa mkali, msasa laini, tena mkali. Vumbi limeingia puani, kwenye chai, kwenye mashuka yaliyoanikwa. Bega langu la kulia si langu tena. Pakabaki bonde. Nimechanganya vumbi lile lile na gundi, nikalijaza, nikalisawazisha. Sasa hata ukipitisha kidole hupati kitu. Safi kabisa! Mimi mwenyewe nimeshangaa. Nikakaa chini ukutani na nikalala hapo hapo nimekaa, mdomo wazi.

Alhamisi, 6 Machi

Vanishi mkono wa kwanza juzi, wa pili leo. Makopo yameandikwa likauke mahali pasipo vumbi. Mahali hapo wapi? Nzi watatu wamenasa. Wawili nimewatoa kwa kibano cha nyusi cha mke wangu. Wa tatu nimempaka juu, yuko chini ya daraja, haonekani sana.

Kazini mkuu kauliza jino. Nimeonyesha la kulia. Kanitazama shavu la kushoto, kisha la kulia.

Injinia kaja kweli kuuona mlango! Niliposikia anapiga hodi, nilikimbia chumbani nikalegeza skrubu tatu za bawaba, mbio mbio. Kauangalia, kaukaza kwa dakika mbili, kauliza gitaa la nani lile linaloning'inia bafuni. Nimesema la rafiki. Akasema rafiki yangu ana nzi chini ya vanishi. Simpendi mtu huyu.

Ijumaa, 7 Machi

Kasoro moja tu imebaki. Pichani, chini ya tundu la gitaa la Mzee, kuna baka jeupe, refu, limejikunja kwenye ncha. Bila hilo hatasadiki. Nimekwangua vanishi kwa wembe, nikapaka rangi nyeupe niliyoizimua hadi ikawa kama maziwa ya kopo yenye maji mengi. Mara ya kwanza limekuwa nene. Nikafuta. Mara ya pili limekuwa fupi. Nikafuta. Mara ya nne limekuja lenyewe! Nimeweka simu kando ya gitaa nikalinganisha. Pacha!

Nyuzi mpya nimefunga. Shingo imeshika. Nimepiga mara moja, likatoa sauti nzito, nzuri, hadi mke wangu kachungulia kutoka jikoni. Kasema afadhali nimwambie baba yake tu kwamba nimenunua bovu nikalitengeneza kwa mikono yangu, hilo peke yake litamfurahisha. Wanawake hawaelewi mipango.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimechoka hoi.

Injinia alitangulia. Mzee alikuwa keshakaa kwenye kile kiti, miguu juu, anacheka. Nikatoa gitaa kwenye shuka. Kicheko kikakatika. Nikatoa hotuba yangu: miaka mitatu, miji minne, mjane mmoja aliyekataa kuuza hadi nilipopiga magoti. Nilitia chumvi kidogo tu. Nikamwonyesha baka jeupe, nikasema hili ndilo lililonihakikishia kuwa ni lenyewe.

Mzee akalitazama baka, akaitazama picha ukutani. Akamwomba binti yake aitelemshe. Akaitoa kwenye fremu. Akamwambia mke wangu, mwambie huyo kwamba baka hili ni la picha. Paa lilivuja mwaka mmoja, maji yakaingia kwenye fremu. Gitaa halikuwahi kuwa na baka.

Injinia akakohoa. Ningeweza kuingia mitini hapo hapo, lakini walikuwa wamenizunguka.

Hapo Mzee akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaingiza mkono ndani ya tundu, polepole, akapapasa. Akaacha kupapasa. Akasema, rula yangu. Akasema aliigandisha mwenyewe akiwa na miaka ishirini na sita, hakuwa na kitu kingine nyumbani cha kuzibia. Ni lake! Gitaa ni lake kweli! Nimenunua gitaa lenyewe bila kujua! Nilitaka kuruka. Nilijua sasa ndiyo mwanangu inakuja.

Kisha akaanza kupitisha vidole juu ya ubao wa mbele. Huku na huku. Akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza alama ya pasi iko wapi.

Akasimulia, na kumbe hata binti zake hawakuwahi kuisikia. Baada ya picha ile kupigwa, marehemu mke wake alikuwa akimpigia pasi shati la kwendea kwenye muziki. Wakagombana, yeye akaendelea kupiga gitaa badala ya kujibu, basi mama akaja akaiweka pasi juu ya gitaa. Makusudi! Wakanuniana siku mbili, kisha wakaicheka alama ile hadi gitaa lilipopotea. Akasema gitaa wapo wengi wanaolipiga. Alama ile aliiweka mtu mmoja tu.

Ndipo akanigeukia. Mimi. Akanitazama machoni na kusema, wewe, alama ilikuwepo au haikuwepo?

Wewe! Miaka tisa nimelisubiri neno hilo. Na jibu nilikuwa nalo, fupi, la kweli, mdomoni kabisa. Nikasema haikuwepo. Nikasema lazima yule mjane ndiye aliyeifuta.

Mke wangu akasema, baba, ilikuwepo. Niliiona. Yeye ndiye kaipiga msasa, Jumanne, saa nne nzima.

Mzee akaegemea kiti cha Injinia, gitaa kifuani, kidole gumba kikisugua pale pale nilipopalainisha. Aliona uchungu, na mimi niliona uchungu, sitaki kuficha. Baadaye akasema, mwambie huyo chakula kipo.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu haongei nami. Sasa nina wawili wa namna hiyo. Vumbi la msasa nililolifagia Jumanne ile nimelitafuta kwenye pipa la taka. Sijui nilitaka kulifanyia nini. Pipa limeshamwagwa.

Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu katoka kwa baba yake na ujumbe. Mzee anasema: mwambie huyo aje kesho. Aje mikono mitupu. Akae mbele yangu aniambie kwa mdomo wake alichofanya, tangu mwanzo, bila mjane. Akimaliza, yamekwisha.

Mke wangu alikuwa na machozi akiyasema hayo. Akanishika mkono. Akasema ni hayo tu, maneno, hata dakika tano hayafiki. Nikakubali. Nimeguswa sana. Kwa kweli Mzee ni mtu muungwana.

Na mtu muungwana hastahili maneno matupu. Nimekwenda kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, nimeazima pasi ya mkaa. Kesho nitasema shingo ya gitaa inahitaji kukazwa kidogo, nitalitoa nje, uani, dakika kumi tu. Nitarudi nalo, alama ipo mahali pake, nitasema ilikuwa imezama chini ya vanishi nami nimeirudisha juu. Atalia safari hii!

Nimefanya mazoezi mchana kutwa. Alama ya kwanza imetoboa. Ya pili imetoka nyeusi mno. Ya tatu ina ncha kabisa, hata mama mwenyewe asingeitofautisha. Tatizo ni moja, sikumbuki ncha ilielekea kwenye nyuzi au ilizipa mgongo. Nitakisia.

Mke wangu anaulizia ubao wa kukatia vitunguu. Nimemwambia kauazima Injinia.