Mawe ya Redio Niliyoyapeleka Juani

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka visiwa viwili kwa siku moja, na bahari ya katikati ikishuhudia.

Mnajua kuwa redio ya kijiji iko mikononi mwangu. Nilikwenda mafunzo Kilindoni, nikarudi hapa Chole naitwa Fundi (sikuwakataza). Sasa wiki hii Bi Mwanahawa alipata habari kutoka kwa mwanawe Shabani, aliyeko kambini jeshini huko bara: Jumamosi, saa kumi, sauti yake itatoka kwenye kipindi cha salamu. Tangu Shabani aondoke, mama yake hajaisikia sauti hiyo. Akanijia.

"Omari mwanangu, redio itasema?"

"Itasema, bi. Si mimi nipo?"

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Asubuhi nikaitoa redio kabatini, nikawasha. Kimya. Nikafuata mafunzo yangu hatua kwa hatua. Nikavuta erio. Nikafungua mgongo, nikayageuza mawe yake (betri, kwa nyinyi wa mjini), nikayalamba moja moja kuona kama yana moto. Nikapanda paa la ofisi ya kijiji kufunga waya. Kimya! Nikaipiga kofi. Hilo halikuwamo kwenye mafunzo.

Mwalimu Tatu, mgeni wetu kutoka Singida, alikuwa anapita kwenda darasani. Akayashika mawe, akayageuzageuza.

"Yamepata unyevu tu, ndugu Omari. Yapeleke juani, mchana yatakuwa mazima." Akaenda zake.

Juani! Moyo ukatulia. Mtu wa Chole ukimtajia Juani, macho yake yanakwenda ng'ambo, kwa jirani zetu wa kisiwa cha Juani. Kule kuna dago, kambi ya wavuvi wa Kilwa, nao wana redio zao. Nikajua hawakosi fundi wa mawe. Nimuulize mwalimu mara ya pili? Mimi, Fundi?

Nikayafunga mawe katika kanga ya mke wangu, nikaingia mtumbwini. Jua lilikuwa kali ajabu! Nikahofu litayaharibu. Nikavua kofia nikayafunika, nikayasukumia chini ya paja, nikapiga kasia kichwa wazi. Nimeungua utosi mzima, lakini mawe hayakuguswa na jua hata chembe.

Kule nikamkuta mama mmoja ufukweni, anaanika pweza.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Una nini humo?"

"Mawe ya redio, yameingia unyevu. Namtafuta fundi wenu."

"Fundi wa nini?"

"Wa kuyakausha. Mwalimu kaniambia niyapeleke Juani."

Akanitazama. Akawatazama pweza wake kwenye kamba. Kisha akaniuliza taratibu, kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa:

"Mwanangu, kwani Chole jua limekwisha?"

Nikaelewa. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu pembeni wakaelewa pia. Mmoja alilala mchangani kwa kucheka. Mwenzake akauliza, "Tumwanike na yeye?"

Nikayapanga mawe kando ya pweza, nikangoja (nzi wakitutembelea mimi na pweza bila kubagua). Hata yalipopata moto, maji yalikwisha kupwa na mtumbwi umekaa topeni. Nikauacha. Nikavuka kwa miguu, maji kiunoni, mawe kichwani, safari hii bila kanga wala kofia.

Kufika, ofisi imejaa watu. Bi Mwanahawa amekaa mbele kabisa kwenye mkeka, kavaa kanga mpya. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nikatia mawe. Redio ikakoroma, ikashika.

"...na mimi ni mzima, mama. Usilie."

Mtangazaji akamshukuru Shabani, akamwita kijana mwingine.

Basi. Bi Mwanahawa akainamia redio. "Mwanzo kasema nini?"

Hakuna aliyejua. Watu wakanitazama mimi, na mimi nikaitazama miguu yangu yenye tope. Niliona uchungu, jamani, nisiwafiche. Nikapiga magoti nikamweleza yote, Juani, pweza, kofia na yote. Akanisikiliza hadi mwisho. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua nimemliza. Kumbe anacheka! Anacheka na machozi yanamtoka, na machozi mengine, naona, hayakuwa ya kicheko.

"Sauti yake imekuwa nzito," akasema. "Mwanangu amekuwa mtu mzima."

Habari hii itawafikia huko Kilindoni hata nisipoisema, watu wa Juani hawana siri. Basi mkitaka kucheka, chekeni. Ila nichekeeni kivulini. Juani nimeshachekwa ya kutosha.