Rumba Yangu, Mashine Yake

Jumanne, 11 Julai 1978. Malaba.
Akiror amejiandikisha kwenye mashindano ya dansi ukumbini! Mtu niliyemfundisha mwenyewe kupiga hatua, Jumamosi atashindana na mimi. Tumecheza pamoja kila dansi hapa mpakani. Sasa anatangaza kwamba nilikuwa nasimama mbele yake ili watu wasimwone. Uongo! Nilikuwa namkinga vumbi. Mshindi anachukuliwa na hoteli moja ya Eldoret, acheze huko kila wikendi. Na mimi nizeeke hapa, karani wa magunia? Haiwezekani.

Alhamisi, 13 Julai.
Nimepata njia. Etyang, mpiga santuri wa ukumbini, ameletewa santuri ngeni na dereva wa Mombasa. Nimeisikia. Takataka! Hakuna gitaa. Hakuna mwimbaji. Ni mitambo ya umeme tu, du-du-du-du, kama lori linalopanda mlima. Nimempelekea Etyang jogoo. Akiror apigiwe hiyo. Mimi nipigiwe rumba tamu, ile inayopendwa na kila mtu. Etyang aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia apike jogoo, aache maswali.

Ijumaa, 14 Julai.
Nimempita Akiror akiwauzia madereva chai. Nikamsalimu kwa huruma nyingi. Akasema, "Callistus, mbona unacheka peke yako?" Nikajibu kwamba jino linaniuma.

Jumapili, 16 Julai.
Aibu. Aibu tupu.
Jana nilianza mimi. Rumba ilipolia, ukumbi mzima uliinuka. Kucheza! Madereva, mama mboga, hata waamuzi wawili wakashikana viuno. Mimi katikati kama nguzo. Turnboy mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, akanikanyaga, kisha akasema, "Boss, sogea kidogo."
Ikaja zamu ya Akiror na ile santuri ya mitambo, mashine tupu. Hakuna aliyejua inachezwa vipi, kwa hiyo wote wakarudi ukutani na kutazama. Mdundo haukuchoka wala kuyumba. Kila hatua ya Akiror ilijua pa kutua. Ghafla vyombo vyote vikanyamaza, ikabaki ngoma peke yake. Akashuka sakafuni, akazunguka kwa mgongo, akaganda, mguu juu! Vyombo viliporudi, akainuka navyo. Ukumbi ukalipuka. Hata mimi nilipiga makofi kabla sijajizuia.
Nilimfuata Etyang na lawama. Akasema rumba inamwita kila mtu uwanjani, lakini mashine ile inamwachia mmoja uwanja wote. Kwa mashindano, akasema, hakuna kama hiyo. Eti alitaka kunieleza Alhamisi.
Msaliti. Na jogoo amemla.

Jumatano, 19 Julai.
Akiror ameondoka asubuhi kwa lori la Eldoret. Amenipungia mkono. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya magunia. Sikulia. Ni pilipili, gunia lake lilikuwa limepasuka.
Sasa nafikiri vizuri. Mwezi ujao kuna mashindano Amukura, na Akiror hayupo. Kosa langu nimeshaligundua: rumba ile haikuwa tamu vya kutosha. Nimemwomba Etyang anitafutie nyingine, ambayo ikipigwa hata mgonjwa hawezi kubaki kwenye kiti.